Tuta la mboga la kuinuliwa nyuma ya nyumba: nijenge kwa mbao gani na nijaze nini?

BustaniNyuma:
Habari zenu wakuu. Naomba mawazo yenu kabla sijaanza kukata mbao. Nina eneo nyuma ya nyumba, si kubwa, jua linafika kuanzia kama saa tatu asubuhi mpaka saa kumi hivi alasiri, upande mmoja kuna ukuta. Shida ni udongo wenyewe, mfinyanzi mtupu, mvua ikinyesha maji yanatuama mpaka kesho yake na ukikauka unapasuka nyufa unaingiza kidole. Nikaona niachane nao, nijenge boksi, nijaze udongo mzuri juu yake nipande humo.

Jambo la pili ni mama. Tunaishi naye, magoti yamechoka, hawezi kuinama wala kuchuchumaa, na ni mtu wa bustani maisha yake yote, kukaa ndani kutwa kunamnyong'onyeza kabisa. Nataka liwe tuta ambalo atakaa pembeni apalilie na achume mwenyewe bila kuita mtu.

Nilivyonavyo ni paleti kadhaa, mbao za uzio wa zamani zenye rangi ya kijani kijani (imara kweli, hazijaoza hata kidogo), alafu kuna mtu kaniahidi mataruma ya reli. Samadi ya ng'ombe iliyokaa nimepata wa kuniletea. Sasa maswali: ukubwa na kimo kiwe kiasi gani, kati ya hizo mbao ipi salama kwa mboga, chini niweke kokoto ili maji yapite (watu wengi wananiambia hivyo), na ndani nijaze nini kwa kipimo gani? Tunataka nyanya, hoho, karoti, spinachi, vitunguu na maharage kidogo. Asanteni sana.

FundiMbao:
Mkuu umefanya vizuri kuuliza kabla ya kukata. Nianze na mbao maana hapo ndo kuna hatari.

Mataruma ya reli usiyaguse kabisa. Yale ya zamani yamelowekwa kriosoti, ule mweusi unaonata jua likiwaka na harufu yake ya lami, na hiyo kitu si ya kukaa karibu na karoti wala ya mama kuegemea kwa mkono. Mkatalie kwa heshima huyo mtu.

Hizo za kijani kijani ambazo hazijaoza "hata kidogo" nazo ziweke pembeni. Mbao ya zamani ya uzio yenye ule ukijani mara nyingi imetiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki (hiyo aseniki ni sumu), ndiyo maana haiozi. Marekani waliacha kuitumia kwenye majumba mwisho wa mwaka 2003 kwa sababu hiyo hiyo ya aseniki. Sio kwamba mboga zitakuua kesho, kinachoingia kwenye mmea ni kidogo, lakini udongo unaogusa mbao unajikusanyia mwaka hadi mwaka na mizizi kama karoti unaila na udongo wake kama hujaiosha vizuri, sasa kwa nini uanze bustani mpya na hilo wazo kichwani. Na usizichome moto, moshi na majivu yake ndo mabaya zaidi.

Paleti tafuta muhuri. Upande wa gogo la paleti kuna alama imechomwa, kuna picha kama suke la ngano pembeni yake na herufi. Ukiona HT maana yake imepashwa moto tu, mpaka kiini cha mbao kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, hiyo tumia bila wasiwasi. Ukiona MB imefukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya sumu ya kuua wadudu, hiyo acha. Isiyo na muhuri kabisa, au yenye madoa ya mafuta na harufu ya ajabu, acha pia kwa sababu hujui ilibeba nini. Tatizo la paleti mbao zake ni nyembamba, udongo ukiloa unazisukuma zinatuna tumbo, kwa hiyo zitakufaa kwa tuta fupi au kwa kazi ya juu juu. Kwa boksi la mama nunua mbao mpya isiyo na dawa, unene wa sentimita 5. Mtiki ukiupata utakaa miaka mingi sana, paini itakaa michache na utabadilisha, hakuna ubaya, ni skrubu tu unafungua.

Upana usizidi mita 1.2 kama mnafikia kutoka pande zote mbili, maana mkono wa mtu unafika kama sentimita 60 bila kujinyonga. Kwa hiyo kama utalibananisha na ukuta basi upana uwe 60 tu. Mi nakushauri ulitoe ukutani, uache njia ya sentimita 90 kuzunguka ili toroli lipite na mama apite na fimbo yake au kiti. Urefu mita 2.4 unatosha. Kimo kwa mtu anayekaa pembeni ni sentimita 45 mpaka 50, ndo kimo cha kiti cha kawaida, alafu juu ya ukingo weka ubao wa kulala wenye upana wa sentimita 20 hivi, uupige randa na msasa pembe zote ziwe za mviringo, na chini yake uweke egemeo kila baada ya sentimita 60, huo ndo kiti chake. Ataketi kiubavu ageuke.

Kona weka nguzo kwa ndani, funga na skrubu za sentimita 8 au 9 sio misumari. Msumari kwenye udongo unaoloa na kukauka unachomoka taratibu, unakuja kushtuka kona imefunguka. Katikati ya urefu weka nguzo nyingine kila upande na ufunge kipande cha mbao au waya mzito kuvuka kutoka upande huu hadi ule, bila hiyo tumbo litatoka tu. Na piga pima maji kabla hujajaza! Boksi likiinama maji yote yanakimbilia upande mmoja, nyanya za huku zinazama na za kule zinakauka.

UdongoKwanza:
Fundi kamaliza upande wa mbao. Sasa mkuu nikuombe kitu kimoja: hela na nguvu zako nyingi peleka kwenye udongo. Boksi ni ukuta tu wa kuzuia, linaweza kuwa la tofali, la mawe, la mabati, mboga haijali. Inachokula ni kile ulichojaza, na hapo ndipo watu wanapobana matumizi baada ya kumaliza bajeti yote kwenye mbao nzuri.

Kokoto chini: hapana. Najua linasemwa sana na linaonekana lina mantiki, lakini maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka ule udongo wa juu uwe umeshiba kabisa kabisa, kwa hiyo unachopata ni tabaka la udongo uliojaa maji limekaa juu ya kokoto, na mizizi inaozea hapo hapo. Umejinyima kina na umeleta tatizo ulilokuwa unalikimbia. Unachotakiwa kufanya ni kuufungua huo mfinyanzi wa chini. Chukua uma wa bustani, udidimize wote, yumbisha mbele na nyuma, toa, sogea hatua nusu, rudia eneo lote. Usiugeuze, ufungue tu, na ufanye siku ambayo una unyevu wa wastani, ukiwa umeloa chapachapa utaufinyanga uwe mgumu kuliko ulivyokuwa. Baada ya hapo tandaza maboksi ya karatasi ngumu juu ya nyasi, ondoa gundi za plastiki na pini, yapishane sentimita 15 kila kiungo, yamwagie maji yalowe. Nyasi zinakufa kwa kukosa mwanga, karatasi inaoza, minyoo inapanda kutoka chini. Usiweke nailoni chini hata siku moja.

Hesabu yako: mita 2.4 mara 1.2 mara 0.45 unapata karibu meta za ujazo 1.3, yaani lita 1,300. Kwa toroli la lita 80 ni safari 16, na utahitaji zaidi kwa sababu udongo uliochanganywa na mboji unashuka. Kwa hiyo jipange kabla, usije ukajaza nusu ukaanza kutafuta cha kuongezea ukaokota vifusi.

Mchanganyiko ninaoupenda ni sehemu mbili za udongo mzuri wa juu na sehemu moja ya mboji iliyoiva. Basi. Watu wanajaza mboji tupu wakidhani ndo itastawi zaidi, kumbe mboji inaendelea kuoza na boksi linashuka vibaya mno, linakauka haraka, na chumvi na fosforasi zinazidi. Udongo ndo unaobeba uzito na kushika maji na madini, mboji ndo inaleta uhai. Huo mfinyanzi wako usiudharau pia, kiasi kidogo ukichanganya humo ndani (ukauke kwanza, uuponde) unasaidia kushika rutuba, ila usitie mchanga kwenye mfinyanzi ukitarajia ulainike, mchanga kidogo kwenye mfinyanzi unakaribia kuwa saruji.

Udongo wa kununua au wa kuletewa upime mwenyewe. Chukua chupa ya kioo ya wazi, jaza theluthi moja udongo, maji mpaka karibu na mdomo, tone la sabuni ya maji, tikisa kwa nguvu dakika kadhaa, iweke mezani usiiguse. Mchanga unatulia chini ndani ya dakika moja, tope laini linafuata kwa saa chache, mfinyanzi unachukua siku nzima au zaidi. Unaona mistari kabisa. Ukiona karibu chupa nzima ni mchanga, jua umeuziwa mchanga.

Sasa samadi. "Iliyokaa" imekaa wapi na muda gani? Samadi iliyoachwa tu kwenye lundo na juu pamekauka si lazima iwe imeiva. Iliyoiva inanukia udongo, haina joto ukiingiza mkono katikati, na huwezi kutambua tena majani wala kinyesi. Mbichi inaunguza mizizi na ina vijidudu vya tumbo, sheria za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna kitu kinachogusa udongo kama karoti na spinachi, na 90 kwa visivyogusa. Lundo lililopanda mpaka nyuzi 55 na zaidi kwa siku kadhaa na likageuzwa vizuri linaua vijidudu hivyo pamoja na mbegu za magugu.

Na kabla hujaimwaga kwenye boksi FANYA JARIBIO LA MAHARAGE. Tafadhali usiruke hili. Kuna dawa za kuua magugu ya majani mapana zinazopulizwa kwenye malisho, aminopiralidi ndo inayojulikana zaidi, ng'ombe anakula nyasi hadhuriki, dawa inapita tumboni inatoka kwenye kinyesi ikiwa na nguvu ile ile, na hata kuozeshwa haiishi. Mwaka 2008 Uingereza walisimamisha mauzo yake kwa muda baada ya wenye bustani wengi kuona nyanya na maharage yao yamejikunja. Mkulima aliyekuletea anaweza asijue kabisa kwa sababu nyasi alinunua kwa mtu mwingine. Chukua makopo mawili, moja changanya hiyo samadi nusu kwa nusu na udongo unaouamini, jingine udongo huo huo bila samadi. Panda maharage manne kila kopo, mwagilia sawa, weka sehemu moja, na visahani vya chini visichanganye maji. Subiri mpaka majani ya tatu yafunguke ndo uamue.

TutaBilaMbao:
Naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia, sio kwa ubaya. Boksi kwa ajili ya mama sawa kabisa, jenga, tena fanya haraka. Lakini kwa karoti na vitunguu huhitaji mbao hata moja. Inua udongo kutoka kwenye njia uutupe juu ya tuta, changanya mboji, upate kimo cha sentimita 20 mpaka 25 na juu upana wa mita moja, pembeni uache mteremko wa taratibu, piga na mgongo wa reki ushikamane. Kwenye mfinyanzi unaotuamisha maji hiyo tu inatosha kuinua mizizi kwenye hewa na njia inakuwa mfereji. Gharama ni jasho tu. Na ukiona umekosea mahali msimu ujao unasogeza.

Kitu ambacho hakijasemwa: boksi la sentimita 45 linakauka haraka kuliko ardhi, maana jua linalipiga juu na ubavuni. Anayekaa kwenye udongo wa kichanga na mvua haba mimi simshauri kabisa kuinua, huyo achimbe tuta la kuzama. Wewe mwenye mfinyanzi na maji kutuama uko sahihi kuinua, ila ujue unabadilisha tatizo la maji mengi kwa kazi ya kumwagilia, na mama asije akabebeshwa keni nzito. Vuta mpira wa maji mpaka pale toka mwanzo.

BustaniNyuma:
Jamani asanteni mno, nimesoma mara kadhaa. Nimekagua paleti, zenye HT ni chache nimezitenga, zilizobaki hazina muhuri nimeziondoa. Za kijani nimezirudisha zilipokuwa na mataruma nimekataa. Wazo la mawili nimelipenda sana, boksi moja la mama la sentimita 45 na tuta la udongo pembeni kwa karoti na vitunguu.

Makopo ya maharage nimeshapanda leo. Wakati nasubiri naomba kuuliza kuhusu kupanda, nani akae wapi, na maji kiasi gani? Alafu kuna mtu kaniambia robo ya chini nijaze magogo na matawi ili nipunguze udongo wa kununua, ni kweli?

UdongoKwanza:
Magogo ni kweli kwa masharti. Tumia yaliyoanza kuoza, yanayomeguka ukiyakanyaga, yakae chini kabisa sentimita 15 tu, mianya yote uijaze udongo kwa maji, na juu yake zibaki angalau sentimita 30 za udongo mzuri. Mbao mbichi ikianza kuoza inanyang'anya naitrojeni pale inapogusana na udongo, ikiwa chini sana haisumbui mboga ila ikiwa karibu majani yanakuwa njano. Na boksi litashuka zaidi kila mwaka, utaongezea juu. Wengine wanapenda, mimi kwa boksi la 45 nisingeweka, kina chenyewe ni hicho hicho na nyanya inataka chote.

MamaMiche:
Mwanangu nimefurahi kusoma habari za mama yako, mpe salamu zangu. Ngoja niseme ya kupanda maana ndo kazi yangu ya kila siku.

Ukimaliza kujaza usipande siku hiyo. Mwagilia vizuri, acha lishuke wiki moja au mbili, magugu ya kwanza yakichipua yakwangue juu juu, jazia tena mpaka sentimita 3 chini ya ukingo ili maji yasimwagike nje. Hapo ndo upande.

Virefu vikae upande ambao kivuli chake hakiwaangukii wafupi. Walio kaskazini mwa dunia wanaviweka kaskazini mwa tuta, walio kusini wanaviweka kusini, na waliopo karibu na ikweta wapange mistari kaskazini-kusini tu jua lipite juu. Nyanya na hoho zinataka jua la masaa 6 mpaka 8 kwa siku, kwa maelezo yako unayo. Spinachi inavumilia kivuli, ndo maana mi huiweka miguuni pa nyanya, tena jua kali likija inashukuru.

Nyanya: mche ukiwa na kimo cha kiganja na shina nene kama penseli ndo unahamishwa. Siku 7 mpaka 10 kabla uzoeze nje, kwanza saa chache kivulini, kisha unaongeza. Hamisha jioni. Toa majani ya chini, uzike shina mpaka karibu na majani ya juu, usiogope, shina la nyanya mahali palipozikwa linatoa mizizi mipya, mche mrefu uliosinyaa ukiulaza kwenye mfereji ukatoa kichwa tu nje unakuja kuwa na nguvu kuliko ule mfupi. Hiyo ni nyanya peke yake lakini, hoho uizike kimo kile kile ilichokuwa kwenye kitalu. Nafasi sentimita 50 mpaka 60 nyanya hadi nyanya, hoho 45, na mti wa kuegemea uuchomeke siku ya kupanda, sio baadaye ukachoma mizizi. Kwa boksi la mita 2.4 nyanya nne zinatosha, najua utatamani nane. Zikisongamana hewa haipiti, majani hayakauki baada ya mvua na bakajani inaingia mara moja.

Karoti usihamishe kamwe, ukihamisha mzizi unagawanyika miguu miwili. Sia moja kwa moja kwenye lile tuta, ondoa mawe yote, usiweke samadi mpya mwaka huo, mstari wa kina cha sentimita 1 tu, funika na mboji iliyochekechwa. Mbegu zake zinachelewa, wiki mbili hata tatu, na juu pakikauka mara moja tu katikati ya hapo zinakufa. Mi natandika gunia lililoloa juu ya mstari, kila asubuhi nalifunua kuangalia, nikiona tu vile vijani vya kwanza vyembamba kama uzi nalitoa siku hiyo hiyo. Zikifika kidole punguzia zibaki sentimita 5 kila moja, jioni, na uliyong'oa usiache yakizagaa maana harufu inaita nzi wa karoti. Vitunguu sentimita 10, spinachi 20. Maharage yapande mwenyewe kwa mbegu, kina cha sentimita 3 au 4, usiyalowekeze usiku kucha yatapasuka, na usiyape naitrojeni, yanajitengenezea yenyewe na vijidudu vya kwenye mizizi. Ukimaliza kuvuna kata shina acha mizizi ardhini.

Maji: kama milimita 25 kwa wiki, ambayo ni lita 25 kila mita ya mraba. Boksi lako ni karibu mita za mraba 2.9 kwa hiyo lita 70 na kidogo kwa wiki, jua kali liongeze, mvua ikinyesha punguza. Mara mbili tatu kwa wiki maji mengi yaende chini, sio kidogo kidogo kila siku, hiyo inafundisha mizizi kukaa juu. Ila mbegu na miche michanga ni kila siku. Usiniamini mimi, mwambie mama aingize kidole mpaka kiungo cha pili, kukiwa na ubaridi na udongo ukashika kidole, asubiri. Ukimwagilia leo sana alafu ukasahau wiki nyanya zinaoza kitako, lile doa jeusi chini, watu wanakimbilia kununua chokaa wakati kalisi ipo kwenye udongo, kilichokosekana ni maji ya kuibeba mpaka kwenye tunda. Matandazo ya majani makavu sentimita 5 yanasaidia hapo kuliko dawa yoyote. Yasiguse shina.

FundiMbao:
Nyongeza kidogo. Kama unataka mbao zidumu bandika nailoni nzito ubavuni kwa ndani tu, chini wazi, na ukomee sentimita chache chini ya ukingo ili maji yasikae kati ya nailoni na mbao. Kama eneo lako lina mchwa weka safu ya tofali au mawe chini mbao isiguse ardhi moja kwa moja, na uwe unaangalia kama kuna njia za udongo zinazopanda. Oili chafu ya gari watu wanapaka, usithubutu.

BustaniNyuma:
Nimerudi. Boksi limesimama, pima maji imekaa katikati, mama amelijaribu kukaa na amechagua upande wake tayari. Lakini makopo ya maharage yananipa wasiwasi. Lile la udongo peke yake maharage yote manne yamenyooka, majani mapana, kijani kizuri. La samadi yamechipua matatu, majani mawili ya kwanza yako kawaida ila yale yaliyofuata yamekunjana, yamekuwa membamba na kingo zimejikunja juu kama kikombe, ncha ya juu imejisokota. Rangi bado kijani. Maji nilitoa sawa sawa na yalikaa dirisha moja. Nimemuuliza aliyeniletea anasema yeye hapulizi chochote, nyasi kavu hununua. Lundo zima liko hapa.

UdongoKwanza:
Hiyo ndiyo yenyewe mkuu. Ukosefu wa rutuba ungeleta unjano, samadi mbichi ingeunguza kingo ziwe kahawia au mbegu zisiote kabisa. Majani mapya kujikunja kikombe yakiwa bado kijani, na kopo la pembeni liko salama, ni dawa ya magugu. Unaweza kurudia na makopo mengine mawili uthibitishe, lakini samadi hiyo isiingie kwenye boksi wala kwenye tuta. Nyanya, hoho, maharage, karoti, zote hizo zinadhurika nayo, nyanya na maharage ndo vibaya zaidi.

Usiichanganye na mboji yako nyingine ukitarajia itapungua, utaharibu yote mawili. Na usimpe jirani bila kumwambia. Kama una eneo la nyasi tandaza hapo kwa wembamba, nyasi na jamii yake kama mahindi haziumizwi nayo, na vijidudu vya udongo vitaivunja taratibu ikiwa imechanganyika na udongo wenye hewa na unyevu. Lundo likikaa kama lundo inakaa muda mrefu sana. Inaweza kuchukua miezi, inaweza kuvuka mwaka, kwa hiyo kabla ya kupanda mboga hapo rudia maharage tena. Nyasi utakazokata hapo usizitumie kama matandazo. Na mwambie kwa upole aliyekuletea amuulize anayemuuzia nyasi, maana atakuwa anawapelekea na wengine.

Kwa boksi tumia mboji ya majani na mabaki ya jikoni kama unayo, nayo iweke kwenye kopo na maharage kwanza.

BustaniNyuma:
Mboji ya majani ninayo kidogo, haifiki theluthi moja ya boksi. Nijaze udongo zaidi au nisubiri?

UdongoKwanza:
Usisubiri kama kopo lake litatoka safi. Udongo sehemu nne kwa mboji moja kwa chini, alafu mboji iliyobaki yote ichanganye kwenye sentimita 20 za juu ambako mizizi mingi inakula, na msimu ukiisha ongeza tabaka la sentimita 3 juu bila kulima. Msimu wa kwanza weka maharage na spinachi nusu ya boksi, nyanya mbili tu badala ya nne.

MamaMiche:
Na hizo mbili zipande upande ule aliochagua mama.